Nyanya za Kimana na Taa Iliyozibwa

Niliondoka Komarock kwa sababu ya uozo wa chini ya kreti. Ninyi mnaouza soko la Muthurwa mnaujua. Juu unapangiwa nyanya nyekundu, ngumu, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Ukiondoa mstari wa kwanza na wa pili unakuta maji na funza. Ukimwuliza dalali, anasema ni barabara. Kila wiki barabara, kana kwamba barabara ndiyo inayopanga kreti! Tukakaa kikao, sisi akina mama tunaonunua pamoja, tukaamua mmoja wetu aende mwenyewe hadi shambani Kimana, asimame pale zinapochumwa na aone kila kreti ikijazwa toka chini. Mwenyekiti wetu, Mama Halima wa Majengo, akasema, "Aende Mama Nekesa. Huyo hata nyanya zinamwogopa." Wakacheka. Mimi sikucheka. Nikasema nitaenda, na nyanya zitafika Muthurwa kabla jioni haijaisha, kwa sababu wengi wetu hatukuwa na kitu kingine cha kuuza wiki hiyo.

Safari haikuwa shida. Shida ilikuwa dereva. Lori tulilopata ni la Wafula, na Wafula ni mume wa binti yangu Nekesa. Sisi ni watu wa Bungoma. Kwetu mama na mume wa bintiye hawapeani mkono, hawali pamoja, hawakai wakikaribiana. Tukikutana njiani ananipisha, nami nampisha. Si chuki, ni heshima, na nimeishika tangu siku aliyoleta ng'ombe. Sasa mnipandishe naye kwenye chumba cha dereva mchana kutwa?

Nekesa ndiye aliyepata njia. Malori haya ya kisasa yana kitanda nyuma ya viti, na kitanda kina pazia. "Mama, wewe utakaa nyuma ya pazia," akasema. "Mimi nitakaa mbele na mume wangu. Ukitaka kitu uniambie, nami nimwambie. Akitaka kitu aniambie, nikuambie." Utingo alikuwa amekwenda kwao kwenye mazishi, kwa hiyo kiti chake kilikuwa wazi. Nikakubali.

Siku ya kuamkia safari nilishinda kando ya Kangundo Road nikihesabu kreti tupu zikipakiwa. Kevo, fundi wa matairi, alikuwa chini ya lori. Alikuwa akihamisha matairi, ya kushoto yaende kulia, ya ndani yatoke nje, ili yaishe kwa usawa. Nyuma ya lori hilo matairi hukaa mawili mawili, moja nje na moja ndani yake, na la ndani hulioni vizuri mpaka uiname kama unatafuta kuku.

"Niaje, shosho," Kevo akaniambia.

"Mimi si wa niaje. Hujambo?"

"Sijambo, shosho. Hii ndinga iko fiti sasa. Mpaka Kimana na kurudi, hakuna noma."

Alfajiri tuliondoka. Nilipanda nikiwa nimempa Wafula mgongo, naye akatazama ng'ambo mpaka nikajifunika pazia. Kitanda kilikuwa kizuri kuliko changu cha nyumbani, sitaficha. Tulipita Embakasi watu wakielekea viwandani kwa miguu, tukashika barabara ya Mombasa. Mimi nikatoa shanga zangu nikaanza kusali.

Tulipopita Athi River kitu kikaanza kulia mbele. Ti, ti, ti. Nikafungua pazia kidogo upande wa Nekesa. Mbele ya usukani kulikuwa na taa ya manjano, umbo lake kama sufuria iliyokatwa katikati, na ndani yake alama ile ya mshangao.

"Nekesa, hiyo ni nini?"

Nekesa akamwuliza mumewe, mumewe akamjibu, nami nikasikia yote mara mbili. Ndani ya kila tairi kuna kidude kinachopima upepo. Kikiona umepungua, kinapeleka habari kwenye kioo cha dereva, na kioo kinachora lori lote na kuonyesha tairi lenye shida. Safari hii kilionyesha tairi la nyuma, kushoto, la nje.

Kwenye mji mdogo wa Salama tulisimama. Wafula akashuka na spana ndefu, akagonga tairi hilo. Ngo! Sauti nzuri, ngumu. Madereva ndivyo wanavyopima, hugonga na kusikiliza, kama sisi tunavyogonga tikiti maji. Akagonga tena. Ngo! Akarudi, akamwambia mkewe, "Mwambie mama tairi ni zima. Mashine ndiyo mgonjwa."

Tulipofika Emali aliingia kituo cha mafuta, akalitia upepo tairi lile lile la kushoto. Taa ikabaki pale pale. Akatia tena. Taa ikamkodolea macho. Dereva mwingine aliyekuwa akijaza mafuta kando yetu akacheka. "Bosi, hizi taa za malori mapya zinalialia kama mtoto wa kwanza. Ziba tu, wote tumeziba." Wafula akabonyeza kitufe, mlio ukanyamaza. Akachukua utepe mweusi wa nyaya za umeme, akakata kipande kwa meno, akakibandika juu ya taa.

"Nekesa," nikauliza nyuma ya pazia, "ameitibu ama ameifunika?"

"Ameifunika, mama."

Nikanyamaza, kwa kuwa lori ni lake. Lakini usingizi ulinitoka.

Kutoka Emali barabara inakata kulia kuelekea Loitokitok. Nchi huko ni tambarare, vumbi jekundu, miiba, na punda wamebeba mitungi ya maji. Mlima Kilimanjaro ulijitokeza mbele, mweupe juu, halafu ukajificha. Nekesa alitaka kuupiga picha, lakini mimi nilimwambia aangalie barabara kwa niaba ya mumewe.

Kimana tulifika jua limeshapanda. Mwenyeji wetu, Mama Sein, ni mwanamke wa Kimaasai, mrefu, ana mashamba ya mfereji na sauti ya kuamrisha. Akanipa salamu ya kwao, "Takwenya!" nami nilikuwa nimefundishwa kuitika, "Iko!" Akafurahi. Akaniletea chai ya maziwa matupu.

"Wewe ndiye uliyetumwa kunilinda nisiibe?" akaniuliza.

"Nimetumwa kuona chini ya kreti."

"Basi njoo uone. Mimi huwa naweka nyanya nzima. Zinazobadilishwa hubadilishwa njiani, na wanaobadilisha ni watu wenu."

Nilisimama kati ya matuta mpaka miguu ikavimba. Kila kreti nikaingiza mkono hadi chini. Mama Sein hakusema uongo, nyanya zake zilikuwa safi. Lakini kipande kimoja cha shamba kilikuwa bado hakijaiva vizuri, mpaka kesho yake. Tungeacha mzigo huo bila mtu wetu, ungerudi ule ule uozo. Nikaamua Nekesa abaki alale kwa Mama Sein, asimamie uchumaji wa kesho, mzigo uliobaki uje na lori lingine. Nekesa akanitazama.

"Mama, na huko kwenye gari? Nani atasema katikati yenu?"

"Hakuna la kusema. Yeye ataendesha, mimi nitasali."

Adhuhuri tukaanza kurudi, kreti zimejaa mpaka juu, turubai limefungwa. Nje ya mji askari wa barabarani wakatusimamisha.

"Umebeba nini, dereva?"

"Nyanya, afande. Na mama mkwe."

"Mama mkwe yuko wapi?"

"Nyuma ya pazia."

Askari akachungulia ndani. "Nyinyi ni wa Bungoma ama Kakamega?"

"Bungoma, afande."

"Mimi ni wa Malava, upande wa Kakamega. Mila ni ile ile." Akasogea kwenye dirisha, akainua mkono kwenye kofia, akalipigia pazia saluti. "Mama, shikamoo. Safari njema." Nikaitika marahaba. Wafula akacheka chini kwa chini mpaka mabega yakatikisika. Na mimi nilicheka, lakini kwa ndani.

Baada ya kupita Mbirikani, kengele ile ikaanza tena. Safari hii haikuwa ti, ti, ti. Ilikuwa mlio mmoja mrefu usiokata. Nikachungulia. Kando ya kipande cha utepe kulikuwa na mwanga mwekundu ukipenya pembeni. Wafula akabonyeza kitufe. Mlio ukanyamaza, kisha ukarudi. Akabonyeza tena.

Nikampigia Nekesa simu.

"Nekesa, mwambie mume wako asimame. Mashine inapiga kelele."

Akakata. Mara nikasikia simu ya Wafula ikilia hapo mbele yangu, hatua moja kutoka nilipokaa.

"Haloo? Mwambie mama nimeshaligonga tairi hilo mara mbili. Ni zima. Na tukisimama hapa kwenye jua hili, nyanya zitaiva ndani ya turubai."

Simu yangu ikalia. "Mama, anasema…"

"Nimesikia alichosema, niko nyuma yake! Mwambie mteja akilalamika kreti moja, mimi hufungua zote. Agonge matairi yote."

Simu ya Wafula ikalia. "Haloo? Nekesa, mwambie mama…" Halafu akatazama simu yake. Mtandao ulikuwa umekatika. Nikajaribu yangu, nayo vivyo hivyo. Hapo ni nyika, hakuna mnara.

Lori likaendelea. Mlio ukaendelea. Nami nikaanza kusikia harufu kama ya mpira uliosahauliwa jikoni, lakini nikajiambia labda ni moyo wangu tu. Nilifikiria nyanya za wenzangu kule nyuma. Nilifikiria Mama Halima akiwa amekaa kwenye kigunia kitupu. Kisha nikafikiria Nekesa, na watoto wake wawili tuliowaacha Komarock kwa jirani.

Nikapiga ukuta wa kitanda kwa kiganja.

"Wewe lori!" nikasema kwa sauti. "Nasema na wewe, sisemi na mtu! Mwambie huyo aliyekushika asimame!"

Kisha Wafula akakohoa, akasema polepole, akitazama usukani, "Lori, mwambie mama, tukipoteza saa moja hapa tumepoteza mzigo. Na mzigo ni wa akina mama wote."

"Lori, mwambie najua mzigo ni wa nani! Mimi ndiye niliyesimama matutani!"

"Lori, mwambie nimeendesha miaka mingi, najua tairi likiwa bovu."

"Lori, mwambie nyanya ni zetu na mume ni wa binti yangu. Nyanya zikioza nitawajibu wenzangu. Wewe ukipinduka nitamjibu Nekesa nini? Simama!"

Akapunguza mwendo. Akatoka barabarani hadi penye ardhi ngumu, akazima.

Alishuka amekasirika, niliona kwa jinsi alivyobamiza mlango. Akaenda kushoto. Ngo! Zima. Akagonga la ndani. Ngo! Akapita nyuma, akafika kulia. Ngo. Halafu akainama, akaingiza spana katikati kufikia tairi la ndani, akagonga. Halikusema ngo. Lilisema bwef, kama unagonga godoro. Akaingiza mkono kuligusa, akauondoa mbio.

Mimi nilikuwa nimeshateremka, nimesimama mbali inavyopasa. Nikamwona amekaa chini kwenye vumbi, ameshika kiganja chake. Tairi la nje ndilo lililokuwa limebeba uzito wote peke yake, na lile la ndani lilikuwa likisagwa na kuchemka mle gizani. Msumari ulikuwa umekaa ndani yake, kichwa tu kinaonekana.

"Kevo," akasema, kama anasema na vumbi. "Kevo alihamisha matairi. Hili la ndani kulia ndilo lililokuwa la nje kushoto. Kidude kimehama nalo, lakini mashine hatukuiambia. Yenyewe bado inafikiri liko kule." Akapuliza kiganja. "Na mimi nimekwenda kulitia upepo lile zima, mpaka limejaa kupita kiasi."

Si wakati wa kumjibu mtu aliyekaa vumbini, na hata ningetaka, si kazi yangu. Nililiambia turubai, "Haya. Tairi la akiba liko wapi?"

Lilikuwepo. Lakini jeki ya lori isingeinua upande ule salama na mzigo wote juu, kwa hiyo kreti za kulia zilibidi zishuke. Hapo ndipo mila ilipotubana tena. Yeye akiwa juu, mimi chini, kila kreti ingetoka mikononi mwake ije mikononi mwangu. Tukajaribu, yeye anaiweka ukingoni, anarudi nyuma, ndipo mimi naichukua. Kreti tatu tu, nikaona jua litatushinda.

Wakapita wanawake watatu wa Kimaasai na punda wao, wanatoka kuteka maji. Wakasimama kutushangaa. Mmoja wao, mama mtu mzima mwenye shanga mpaka mabegani, alijua Kiswahili.

"Mama, mbona mnacheza mchezo?"

"Si mchezo. Huyu ni mume wa binti yangu."

Akaangua kicheko, akawatafsiria wenzake, nao wakacheka mpaka punda wakageuza masikio. "Hata kwetu mkwe hakusogelei!" akasema. "Sasa mtu wa katikati ni nani?"

"Hatuna. Amebaki Kimana."

"Basi tuko." Akaweka fimbo chini, akajipanga kati ya Wafula na mimi, wenzake wakapokea nyuma yake. Kreti zikashuka kama maji mferejini. Tulizipanga kwenye kivuli cha lori. Zile za mwisho hazikupata kivuli, nikazifunika kwa leso yangu na matawi. Wafula akainua jeki, akafungua nati, akatoa tairi bovu likiwa linanuka, akafunga la akiba. Lile la kushoto lililojaa kupita kiasi akalipunguza upepo. Kisha kreti zikapanda tena kwa mikono ile ile. Niliwapa wale akina mama nyanya za kubeba wanavyoweza. Yule mwenye shanga, niliyekuwa nimemsimulia kisa, akamwambia Wafula akimnyooshea kidole, "Wewe! Mama akisema simama, simama!"

Tulipoondoka Wafula alibandua ule utepe, akautupa kwenye mfuko wa taka. Taa ilikuwa bado inawaka, kwa sababu tairi la akiba halina kidude, mashine inalitafuta hailioni. Lakini sasa tulijua inalia kwa nini. Tulipofika Emali alishuka akagusa matairi yote kwa kiganja, hata ya ndani. Mjini Sultan Hamud akashuka tena. Kule Salama vile vile. Kila akirudi kitini alisema, "Lori, mwambie mama yote yako sawa." Nami nikasema, "Lori, mwambie asante."

Muthurwa tulifika taa za vibanda zimeshawashwa na wateja wengi wamekwenda makwao na vifurushi vyao. Mama Halima alikuwa amesimama, mikono kiunoni. Tukafungua turubai. Kreti za kushoto nzuri. Zile zilizokosa kivuli zilikuwa zimelegea, nyingine zimepasuka, maji mekundu yakidondoka kwenye sakafu ya lori.

"Mama Nekesa," Halima akasema, "tulikutuma nyanya, umetuletea mchuzi."

Wakanizunguka. Sikutafuta maneno. Niliwaambia nilisimamisha lori mimi, kwa mdomo wangu, na jua liliziharibu nikiona. Nikamwambia Wafula, kupitia kwao, awaonyeshe tairi. Akaliviringisha chini ya taa. Ubavu wake ulikuwa umekunjika, mpira umebabuka, ndani nyaya zinaonekana. Akina mama wakaligusa mmoja mmoja. Mwingine akasema, "Hii ingekuwa moto."

Halima akaliangalia kwa muda. Kisha akaanza kuchagua. Nzima tukagawana wote sawa, kila mtu pungufu kidogo ya alivyotarajia. Zilizopasuka tukawaita wapishi wa vibanda vya chakula, wakazichukua kwa ndoo usiku ule ule. Hakuna aliyerudi nyumbani mikono mitupu, ingawa hakuna aliyerudi akiimba.

"Lakini niambie, Wafula," Halima akamwuliza, ili wote wasikie, "ni kweli umebishana na mama mkwe wako njia nzima?"

"Mimi?" Wafula akasema. "Mimi nimebishana na lori."

Walicheka mpaka walinzi wa soko wakaja kuangalia.

Kesho yake asubuhi, huku Komarock, Kevo alikuja na kamashine kadogo, akapita kwenye kila tairi akiliambia lori kila kidude kiko wapi sasa. Haikuchukua hata muda wa chai kuchemka. Nilimwuliza kwa nini hakufanya hivyo tangu mwanzo. Akajikuna kichwa. "Shosho, wenye magari huwa hawataki. Wanasema taa ni ya urembo." Nikamwambia siku nyingine akihamisha tairi asiondoke kabla hajaiambia mashine, na dereva asipotaka, aniite mimi. Mzigo wa Nekesa ulifika siku hiyo hiyo, wote mzima hadi chini.

Nimejifunza haya, nanyi mnaosafirisha mizigo mnisikie. Taa ikikuonyesha tairi lisilo bovu, usiseme inadanganya. Inaweza kukosea mahali na isikosee ugonjwa. Gonga yote, gusa yote, hasa lile usiloliona.

Na kuna waliosema kanisani kwamba nimevunja mila, eti nimemfokea mkwe. Wameniuliza kama sina haya. Nimewajibu hivi: mila ya kwetu niliikuta na nitaiacha ilivyo, na Wafula bado ananipisha njiani nami nampisha. Lakini heshima haikuwekwa ili watu wafe wakiwa wamenyamaza. Ningekaa kimya nyuma ya lile pazia, leo Nekesa angekuwa amevaa nguo nyeusi, nami ningekuwa nimekaa kando yake nikisifiwa kwa adabu zangu.